Musimu wa konseri za klasiki: kwaya ya mutaa inahitaji nini, toka Kamina na Kinshasa mupaka Cimpunda

Kule Cimpunda, komini ya Kadutu, mutu hatafuti kwaya mbali. Siku ya Mungu asubuhi ukipanda mulima unasikia ya Wakatoliki upande huu, ukishuka unasikia ya Waprotestanti upande ule, na katikati ya juma jioni ni wakati wa mazoezi, yenye wengi wanaita repetisio. Sauti ziko, na zina nguvu. Lakini kati ya kuimba vizuri kwenye ibada na kutangaza musimu muzima wa konseri za muziki wa klasiki, kuko safari ndefu. Habari hii inaeleza safari hiyo: namna muziki huo uliingia Congo, watu gani waliufanya bila mali nyingi, na kitu gani kwaya ya mutaa inapaswa kutayarisha mbele ya kubandika afishi ya kwanza.

Konseri si ibada, na musimu si konseri moja

Kwa maana kamili, «klasiki» ni muziki wa wakati wa Haydn na Mozart, toka miaka ya 1750 mupaka 1820 hivi. Kwa mazoea, watu wanaita klasiki muziki wote wenye uliandikwa noti kwa noti na watunzi wa Ulaya, toka karne ya 17 mupaka ya 20, na pia kazi za Waafrika wenye walifuata njia hiyo ya kuandika. Neno kubwa hapa ni kuandika. Mutunzi anasema kila kitu kwenye karatasi: sauti ya juu au ya chini, muda wa kila noti, fasi ya kuimba kwa nguvu na fasi ya kuimba pole pole. Mwimbaji anafuata.

Kwenye ibada, wimbo ukianza kuharibika, waamini wanaingia na kusaidia, na hakuna mwenye atalaumu. Kwenye konseri wasikilizaji wanakaa, wananyamaza, wanasikiliza tu. Kama tenori wanachelewa, kila mutu anasikia. Ndiyo maana kwaya yenye inajulikana sana kanisani inaweza kushangaa siku ya konseri yake ya kwanza.

Musimu ni mambo ingine tena. Ni mufululizo wa konseri, mbili, tatu au zaidi, zenye tarehe zinajulikana mbele, na kila moja ina programu yake. Anayetangaza musimu anatoa ahadi. Watu wanapanga safari, wanaweka pesa ya kiingilio pembeni, wazazi wanakubali watoto wachelewe kurudi. Konseri moja ikikosa kufanyika, ya pili itapata watu wachache.

Muziki huu uliingia Congo kupitia midomo ya waimbaji

Katika inchi nyingi muziki wa klasiki unafikiriwa kwanza kama mambo ya violoni na piano. Congo haikuwa hivyo. Vyombo vilikuwa bei kali na vya mbali, lakini shule za misioni zilikuwa na watoto, na watoto walikuwa na sauti. Kwa hiyo mulango wa muziki wa kuandikwa ulikuwa kwaya.

Kule Elisabethville, leo Lubumbashi, Mubenedikto Anschaire Lamoral aliongoza kwaya ya vijana yenye kuitwa Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, Waimbaji Wadogo wa Musalaba wa Shaba. Katika muji huohuo alifundisha Joseph Kiwele, mupigaji wa ogani na mutunzi, mwenye alikufa 1961. Kiwele aliandika Misa ya Katanga, na ndiye pia alitunga wimbo wa taifa wa Katanga wakati jimbo hilo lilijitenga mwaka 1960. Jina lake halitajwi sana hapa Kivu, lakini ni mumoja wa Wakongomani wa kwanza wenye walikamata kalamu na kuandika muziki wa kwaya wao wenyewe.

Kazi yenye ilitembea mbali zaidi ilitokea Kamina, katika Katanga hiyohiyo. Padri Guido Haazen, Mufransisko wa Ubelgiji, alikusanya watoto wa shule na walimu wao katika kwaya yenye ilipewa jina Les Troubadours du Roi Baudouin. Walikuwa watoto 45 hivi na walimu 15 hivi. Waliimba maneno ya Kilatini ya misa juu ya njia za nyimbo za Waluba na za watu wengine wa Congo, pamoja na ngoma. Missa Luba iliimbwa katika misa kule Kamina tarehe 23 mwezi wa tatu 1958. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Bruxelles, na sahani ya muziki ikarekodiwa. Miaka kumi kisha, kipande cha Sanctus kilitumika katika filme ya Uingereza *If....*, na watu wenye hawakujua Kamina iko wapi walianza kununua sahani hiyo.

Kuko jambo moja la Missa Luba lenye kila maestro wa Bukavu anapaswa kujua. Haikuandikwa kwanza. Waimbaji waliitengeneza pamoja kwa masikio, kila mumoja akijaza sauti yake, na kisha tu ndipo watu wengine waliihamisha kwenye karatasi. Troubadours walirudi nyumbani, watoto walikuwa watu wakubwa, kwaya ile haiko tena. Kazi yao inaendelea kuimbwa katika inchi nyingi juu ilirekodiwa na kuandikwa. Bila vitu hivyo viwili, ingekwisha pamoja na sauti za watoto wale.

Mambo yalibadilika tena kisha Mutaguso wa pili wa Vatikano. Toka mwezi wa kumi na mbili 1963 Kanisa Katolika liliruhusu luga za wenyeji kuwa na nafasi kubwa katika ibada, na mwaka 1988 Roma ilikubali kawaida ya misa yenye wengi wanaita «rite zaïrois». Kwaya zikaanza kuimba kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba, Kikongo, Mashi. Lilikuwa jambo la furaha. Lakini katika parokia nyingi Kilatini na kusoma noti vilirudi nyuma pamoja, kama vile vilikuwa kitu kimoja. Havikuwa kitu kimoja: wimbo wa Mashi unaweza kuandikwa kwa noti sawasawa na wimbo wa Kilatini.

Kinshasa: umeme unakatika, muziki unaendelea

Mufano wenye unajulikana zaidi katika inchi yetu ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa. Ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mujukuu wa Simon Kimbangu, mwenye alianza mahubiri yake kule Nkamba 1921 na kufia gerezani Elisabethville 1951. Diangienda alikuwa rubani wa ndege. Alipopoteza kazi hiyo aliingia katika muziki, na kuongoza orkesta alijifunza mwenyewe.

Mwanzo ulikuwa mudogo: watu kumi na wawili hivi na violoni chache. Mumoja alipiga kwa muda, kisha akapatia mwenzake. Kamba ilipokatika na ya kununua haikupatikana, walifunga waya wa breki ya kinga. Pamoja na kwaya, kikundi kilifika karibu watu mia mbili, wengi wao ni watu wenye wana kazi ingine muchana na wanakuja mazoezi jioni.

Mwaka 2010 Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer walitoa filme *Kinshasa Symphony*. Ndani yake watu wanatayarisha Simfonia ya Tisa ya Beethoven, yenye inamalizika na kwaya kubwa. Umeme unakatika, kiza kinaingia, na wanamuziki wanaendelea kupiga juu mikono na masikio vinajua njia. Mutu wa Kadutu mwenye anazoea delestaje ya SNEL hahitaji maelezo marefu. Kitu cha kufikiria ni hiki: waliendelea kwa sababu walikuwa wameshika kazi yao kabisa, kila mumoja fasi yake. Mutu mwenye anategemea kusikia jirani ndipo aimbe, angenyamaza.

Filme inaonyesha pia waimbaji wakijifunza kutamka Kijerumani, neno kwa neno. Na mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimupa Diangienda heshima ya kuwa memba wake, heshima yenye ilishapewa watunzi wakubwa wa dunia.

Karibu na sisi, Nairobi, kuko mufano mwingine. Katika mutaa wa Korogocho, jirani ya jalala kubwa la Dandora, programu ya Ghetto Classics ilianza 2008 chini ya Elizabeth Njoroge. Inafundisha watoto wa mutaa kusoma noti na kupiga vyombo, na wakubwa kati yao wanafundisha wadogo. Kinshasa na Korogocho hazifanani kwa dini wala kwa mali. Zinafanana kwa jambo moja: kazi ya kwanza ilikuwa kufundisha, ukumbi ulikuja kisha.

Sauti ine na hatari ya «do» mbili

Kwaya ya klasiki inagawanyika kwa kawaida katika sauti ine: soprano na alto kwa wanamuke au watoto, tenori na besi kwa wanaume. Kila kikundi kina njia yake, na mara nyingi hakuna mwenye anaimba «wimbo wenyewe» peke yake. Uzuri unatoka pale njia ine zinakutana. Kwaya ndogo ya watu 20 inatosha kwa kazi nyingi, kama kila sauti ina angalau watu wanne wenye wanaweza kusimama bila kushikwa mukono.

Kusoma kunaweza kufanyika kwa njia mbili, na hapa ndipo kwaya nyingi za Bukavu zinagongana. Wenye walipita shule ya Kifaransa walijifunza solfeji: do, re, mi, fa, sol, la, si, kwenye mistari mitano. Kwao «do» ni noti moja, haihami. Wenye walipita kwaya za Waprotestanti mara nyingi walijifunza sol-fa, yenye inaandikwa kwa herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Njia hiyo ilitoka Uingereza: mwalimu Sarah Glover wa Norwich aliianzisha, na muchungaji John Curwen akaieneza toka miaka ya 1840. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitumia njia hiyo mwaka 1897 kuandika wimbo wenye leo Tanzania inaimba kama wimbo wa taifa.

Katika sol-fa, «d» inatembea. Ni noti ya kwanza ya ngazi ya wimbo, hata kama wimbo unaanzia wapi. Mufano: *Ave verum corpus* ya Mozart iko katika ngazi ya re. Mutu wa sol-fa ataita re hiyo «d». Mutu wa solfeji ataendelea kuita re. Wote wawili wako sawa, lakini wakisimama bega kwa bega bila kujua tofauti hiyo, mazoezi yanakuwa mabishano. Dawa ni rahisi: kwaya inachagua njia moja, na juu ya kila karatasi inaandikwa waziwazi, kwa mufano «d = re».

Karatasi nyingi za bure kwenye intaneti zinaandikwa kwa mistari mitano. Kwaya yenye inasoma herufi inahitaji watu wawili watatu wa kuhamisha kila sauti toka mistari mupaka herufi, kwa mukono, kisha kupiga fotokopi. Kazi hiyo inachosha, lakini mutu akihamisha nyimbo tano, mwenyewe anakuwa mwalimu.

Nyimbo gani za kuanza nazo

Makosa ya kawaida ni kuanza na ile yenye watu wote wanajua, *Hallelujah* ya Händel. Inaonekana rahisi juu inajulikana. Ukweli ni kwamba soprano wanapaswa kupanda noti moja moja na kukaa pale juu muda murefu, wakati sauti zingine zinajibizana kwa haraka. Kwaya changa inafika pale imechoka. Hizi hapa ni njia za kuanzia zenye hazivunji mutu:

Korali za Bach. Johann Sebastian Bach, mwenye alikufa 1750, alitengeneza nyimbo za kanisa la Walutheri kwa sauti ine. Zenye zilikusanywa ni zaidi ya 370. Ni fupi, ukurasa mumoja, na Waprotestanti watatambua zingine juu ziko katika vitabu vyao vya nyimbo. Hakuna shule nzuri zaidi ya kufundisha sauti ine kusikilizana.

*Ave verum corpus* ya Mozart. Aliiandika 1791, mwaka wenye alikufa, kwa rafiki yake mwenye aliongoza kwaya ya kanisa katika muji mudogo wa Baden. Ina vipimo 46 tu. Hakuna mbio, hakuna noti za juu sana. Ugumu wake ni kuimba pole pole bila sauti kushuka.

*Cantique de Jean Racine* ya Gabriel Fauré. Aliitunga 1865 akiwa bado mwanafunzi, hajafika hata miaka 21. Maneno ni ya Kifaransa, kwa hiyo kwaya ya Bukavu inaelewa chenye inaimba.

*Va, pensiero* ya Verdi, toka opera *Nabucco* ya 1842. Ni kwaya ya Waebrania wenye walipelekwa utumwani Babiloni, wanakumbuka inchi yao. Mawazo yake yanatoka Zaburi ya 137. Sehemu kubwa sauti zote zinaimba njia moja pamoja, jambo lenye linasaidia kwaya changa. Na katika jimbo lenye watu wengi walikimbia kwao, msikilizaji hahitaji kufasiriwa maana.

Kuhusu luga: Kilatini na Kiitaliano haviogopeshi mudomo wa Muswahili. Vokali ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa wazi. Kijerumani ndicho kinadai kazi zaidi. Lakini kila mwimbaji anapaswa kupewa maana ya maneno kwa Kiswahili, na wasikilizaji pia. Karatasi moja mulangoni, au mutu mumoja wa kueleza kwa dakika mbili mbele ya kila wimbo, inatosha. Konseri yenye watu hawajui inasema nini inageuka kuwa mambo ya wenye walisoma peke yao.

Kalenda: mvua, mitihani na njia ya kurudi

Musimu wa Ulaya unaanza mwezi wa tisa na kumalizika mwezi wa sita. Bukavu haiwezi kunakili tu kalenda hiyo. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mupaka mwezi wa tano, na makanisa na salle nyingi zina mabati bila plafo. Mvua ikipiga mabati, kwaya ya watu 40 bila mikro haisikiki tena hata musitari wa kwanza. Noeli na Pasaka zinaangukia humo humo ndani ya mvua. Kama konseri ya Noeli haiwezi kuhamishwa, ni vizuri kutafuta nyumba yenye plafo, au kupanga saa mbele ya mvua ya muchana na kukubali kungojea dakika ishirini ikinyesha.

Kiangazi, mwezi wa sita mupaka wa nane, ni wakati muzuri kwa masikio. Lakini wanafunzi wa kidato cha mwisho wana Examen d'État, na soprano na alto wengi ni wanafunzi. Kwa hiyo konseri ya kiangazi inafaa kukaa kisha mitihani, si katikati yake.

Kisha kuko usalama. Toka mwezi wa pili 2025, wakati AFC/M23 iliingia Bukavu, wengi wanapunguza kutembea usiku. Konseri ya saa moja ya jioni, kama vile inafanywa kwingine, ni kumwambia mama wa Cimpunda achague kati ya muziki na njia ya kurudi. Saa nane au saa tisa ya muchana inaruhusu watu kuwa nyumbani kungali mwanga. Inaondoa pia deni la umeme: kwaya bila vyombo vya umeme, ndani ya kanisa lenye madirisha, haihitaji jenereta wala mafuta.

Hesabu ya mazoezi ifanywe kutoka tarehe ya konseri kurudi nyuma. Kwaya yenye inakutana mara mbili kwa juma, saa mbili kila mara, ina saa 64 katika majuma 16. Ukitoa siku za mvua kubwa, matanga, ndoa na siku zenye barabara haipitiki, ni heri kuhesabu saa 45. Ndani ya saa hizo, programu ya saa moja yenye nyimbo nane fupi inawezekana. Programu ya saa mbili haiwezekani.

Pesa na haki za watunzi

Banki za muji zilifungwa toka 2025, na kukusanya pesa kunapitia mikono au simu. Kwa hiyo kotizasio ya kwaya inahitaji kitabu kimoja chenye kinaonekana na wote, na watu wawili wenye wanasaini. Gharama zenyewe si nyingi: fotokopi, maji ya kunywa, usafiri wa wenye wanatoka mbali, kulipa salle kama si kanisa, kupima sauti ya klavie au ogani kama iko. Mavazi ya kushona ndiyo yanakula kotizasio mbele ya muziki kuanza. Shati nyeupe na pagne yenye mutu anayo tayari inatosha.

Sheria ya Congo juu ya haki za watunzi, ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986, inalinda kazi mupaka miaka 50 kisha kifo cha mutunzi. Bach, Händel, Mozart, Verdi na Fauré wako huru. Carl Orff wa *Carmina Burana* alikufa 1982, na Guido Haazen alikufa 2004. Kazi zao zinahitaji ruhusa. Karatasi za kazi zenye ziko huru zinapatikana bure kwenye Choral Public Domain Library, yenye iko toka 1998, na kwenye IMSLP, toka 2006. Mutu mumoja mwenye megabiti za kutosha anaweza kupakua za musimu muzima kwa siku moja, na kuzituma kwa wengine kwa Bluetooth.

Kuhusu kiingilio, historia ina mufano muzuri. *Messiah* ya Händel, aliyoiandika kwa siku 24 tu mwaka 1741, ilisikika mara ya kwanza Dublin tarehe 13 mwezi wa ine 1742. Salle ilikuwa ndogo, basi wanamuke waliombwa wasivae magauni yenye mviringo wa waya na wanaume wasibebe panga, ili watu 700 wapate fasi. Pesa yake iligawanywa kati ya hospitali mbili na wafungwa wa deni, na watu 142 walitoka gerezani. Konseri ya mutaa pia inaweza kusema waziwazi pesa inaenda wapi. Watu wanalipa kwa moyo mwepesi wakijua.

Maestro akiondoka

Katika kwaya nyingi, mutu mumoja ndiye anajua. Anaimba soprano, soprano wanarudilia. Anaimba alto, alto wanarudilia. Anazunguka sauti zote ine, jioni kwa jioni, mupaka zote zinakamata. Njia hii si mbaya. Watoto wa Kamina walijifunza vilevile, na imelisha makanisa yetu kwa miaka mingi.

Lakini inaweka kila kitu ndani ya kichwa kimoja, na mashariki ya Congo vichwa vinahama. Mwalimu anapata kazi Uvira. Mwanafunzi anaenda Kinshasa. Familia inavuka Ruzizi usiku na hairudi kwa mwaka muzima. Kwaya yenye inategemea kichwa kimoja inaanza upya kila mara, au inakufa, na nyimbo zenye ilikuwa inajua zinakufa nayo. Kinyume chake, kama katika kila sauti kuko watu wawili wenye wanasoma, na karatasi ziko ndani ya kisanduku kimoja kisafi, maestro akienda leo, mazoezi yataendelea juma lenye linakuja. Yatakuwa mabaya kidogo, lakini yataendelea. Na yule mwenye alienda Uvira anaweza kufungua karatasi ileile kule na kuanza na watu wengine.

Ndiyo maana musimu wa konseri, hata mudogo, una faida kupita siku zenyewe za konseri. Unalazimisha kwaya kusoma, kuandika, kuhesabu muda, kuweka pesa wazi. Na unaruhusu kuandika pia yetu: nyimbo za Mashi, Kirega au Kifulero zenye wazee wanaimba na hakuna mwenye aliziweka kwenye karatasi. Kwaya yenye imejifunza kusoma Bach inaweza kukaa na muzee muchana mumoja, ikarekodi kwa simu, ikaandika, na kuweka wimbo ule katika konseri ya mwisho ya musimu.

Mbele ya kutangaza tarehe

Komite ya kwaya inaweza kujiuliza maswali haya sita. Kama jibu la moja ni hapana, ni heri tarehe ingojee.

1. Kila sauti ina watu wawili angalau wenye wanaweza kusoma bila maestro?
2. Nyimbo zote zinajulikana mupaka mwisho, au kuko moja yenye tunatumaini itakuja?
3. Salle inakubali kwa maandishi, na iko na plafo kama ni musimu wa mvua?
4. Konseri itamalizika saa ngapi, na wa mbali watarudi namna gani?
5. Wasikilizaji watapata maana ya maneno kwa Kiswahili?
6. Karatasi ziko wapi, na nani mwingine ana ufunguo?